Mguu Uliotangaza Mpira

Jumamosi alasiri, baada ya duka la viatu kufungwa, Kitindamimba alipiga magoti mbele ya mama yake kama alivyokuwa amepiga magoti mbele ya wateja tangu asubuhi. Beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi lilikuwa kulia kwake, pamba na bandeji kushoto, na mguu wa mama ulikuwa juu ya kigoda, umefunuliwa hadi gotini. Aliibandua bandeji ya jana polepole, akiilowesha kila ilipong'ang'ania. Chini yake, katikati ya muundi, kilikuwepo kile kinundu chenye kidonda, chekundu, kingo zake zimetuna kuzunguka shimo dogo la katikati. Akakigusa kwa pamba. Kidonda kikasema kwamba Reli wamepata kona.

Kitindamimba akainama kusikiliza. Ilikuwa sauti ndogo lakini safi, ya mwanamume aliyeizoea kazi yake. Kona ikapigwa, ikaondolewa kwa kichwa, Magereza wakatoka na mpira kwa kasi upande wa kushoto. Akamuuliza mama kama kunamuuma. Mama akasema hakuumi, kunawasha tu, hasa mtangazaji anapopandisha sauti. Basi akamaliza kuosha, akafunga bandeji mpya, sauti ikafifia, naye akaenda kumwaga maji.

Kidonda kilikuwa kimeota juu ya kovu, na kovu lenyewe lilikuwa la zamani kuliko yeye. Mama alipokuwa msichana alifanya kazi ya kupiga pasi kwa dobi mmoja mkubwa aliyefua mashuka ya hoteli, na siku moja pasi ya makaa ilimponyoka ikamwangukia mguuni. Paliungua, pakapona, pakabaki ngozi laini isiyoota unywele. Miaka yote hiyo kovu lilikaa kimya bila kumsumbua mtu. Mwaka jana likafunguka, likakataa kufunga. Hospitali wakakata kipande kidogo wakakipima, wakasema ni kansa ya ngozi, ya aina ile inayopenda kuanzia kwenye makovu ya moto. Mpira ulianza kusikika baada ya kipande kile kukatwa.

Daktari mpasuaji, kijana mwenye miwani na vidole virefu, hakuona ajabu. Alisema yeye mwenyewe alishamtibu mzee ambaye bega lake lilikuwa likitoa utabiri wa hali ya hewa, tena wa mji mwingine kabisa, kwa hiyo haukumfaa hata kidogo. Akavuta kiti, akaanza kuwaeleza. Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, Kitindamimba, bintiye, nyuma yake, na kaka mkubwa, dereva wa lori la maji, amesimama karibu na mlango na funguo mkononi. Daktari alimweleza kaka mkubwa.

Alisema njia ziko mbili. Ya kwanza ni kukikata chote, pamoja na upana wa kidole wa ngozi nzima kukizunguka, kisha kuchukua ngozi ya pajani na kuipandikiza pale. Kwa mtu mwenye nguvu asingeuliza hata swali. Lakini bibi huyu moyo wake umechoka, mwili umekwisha, na mtu wa hivyo anaweza kukata roho mezani, au kuamka akili zimehama, au kulazwa muda mrefu mpaka damu igande miguuni au mapafu yajae. Na ngozi ya muundi wa mzee huwa haishiki upesi. Njia ya pili ni kuacha, kuosha na kufunga, kila siku. Hicho kitu kinakua taratibu. Huenda akaondoka kwa jambo lingine kabla hakijafika mbali. Huenda pia kikanuka, kikatoa damu, kikashuka kwenye mfupa, kikapanda hadi tezi za kinenani, na hapo mazungumzo yatakuwa ya kukata mguu wote.

"Bibi anakula?" daktari akamuuliza kaka mkubwa.

Kaka mkubwa akasema anakula vizuri sana. Mama akasema anakula supu, na si kila siku. Daktari akauliza kama bibi anatembea. Kaka mkubwa akasema anatembea. Mama akatazama magurudumu ya kiti chake. Daktari akaweka kifaa cha kusikilizia moyo kifuani kwa mama, akatikisa kichwa, kisha akakishusha hadi kwenye muundi na kukiacha hapo mpaka mapumziko. Alipokivua masikioni aliwaambia waende nyumbani wakajadiliane kama familia.

Ieleweke kwamba msimu ule mechi za ligi hazikuwa zikitangazwa popote. Shirikisho na vituo vya redio walikuwa wamegombana kwa sababu ambayo hakuna aliyeielewa, na wapenzi wa mpira walikuwa wakitembea mitaani wamenyong'onyea, wakiulizana matokeo kwa watu waliosafiri. Kaka mkubwa aliipenda Reli tangu utotoni. Jumamosi iliyofuata siku ile ya hospitali alifika kwa mama mapema, amechana nywele, amekuja na rafiki yake fundi redio, na mkoba wa zana.

Fundi redio alikuwa mtu wa adabu. Alimwamkia mama, akaomba ruhusa kwa kaka mkubwa, akapiga magoti. Baada ya kuuchunguza mguu kwa muda alieleza kwamba mawimbi yanaingilia upande wa juu wa kovu, kwamba kidonda chenyewe ni kama spika tu, na kwamba wakiukata upana wa kidole anaoutaka yule daktari, basi wanakata na antena yenyewe. Akashauri mguu uelekezwe dirishani na unyanyuliwe juu zaidi ya kigoda. Akazungusha waya mwembamba wa shaba kwenye kifundo cha mguu, juu ya soksi, ncha ya pili akaifunga kwenye kitasa cha dirisha. Sauti ikajaa sebule nzima. Hata mlio wa kipenga ulisikika kana kwamba mwamuzi yuko jikoni.

Tangu hapo nyumba ikapata wageni. Walikuja wenye nyumba za jirani, akaja kinyozi, akaja msimamizi wa msikiti na mpiga kinanda wa kanisani, wakaketi bega kwa bega kwenye zulia. Hakuna aliyekuja mikono mitupu. Walileta matunda na kumpa pole mgonjwa. Kisha wakaugeukia mguu. Mama aliketi kwenye kiti chake, mguu umeinuliwa juu ya mito iliyopangwa juu ya stuli iliyopangwa juu ya meza, akitazama vichwa vya watu waliojikunyata mbele ya muundi wake. Mpira alikuwa haujui. Aliwahi kumuuliza Kitindamimba kwa nini wanaume wale wanahuzunika mtu akiambiwa ameotea.

Mkutano wa familia ulifanyika wakati wa mapumziko ya mechi ya Reli na Posta, kwa kuwa ndipo wote walipokuwepo. Kaka mkubwa alifungua kwa kusema kwamba moyo wa mama hauwezi kisu. Alizungumza kwa uchungu. Alieleza habari za damu kuganda na mapafu kujaa, hakuacha hata moja ya yale daktari aliyoyataja, akaongeza na mengine. Fundi redio, ingawa si ndugu, aliunga mkono, akasema yeye binafsi ameona vitu vingi vikiharibika baada ya kufunguliwa. Kinyozi akasema umri ni umri. Watu wa kwenye zulia wakaitikia kwa masikitiko, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anadanganya. Walimhurumia mama kwa dhati, na wakati huohuo Reli walikuwa wa pili kwenye msimamo.

Aliyepinga ni wifi, mke wa kaka mkubwa. Alisema mama akatwe, na akatwe wiki hii. Hakueleza kwa kirefu. Alitazama zulia, na viatu vya watu vilivyozagaa hadi barazani, na sahani alizokuwa ameziosha mara mbili tangu mchana.

Kisha wote wakamtazama Kitindamimba, kwa sababu ndiye aliyeishi na mama na ndiye aliyeosha kidonda. Naye akasema waache. Alisema kwa sauti ya chini. Hakuwa akiufikiria mpira. Alikuwa akifikiria chumba cha upasuaji, na jinsi ambavyo siku hizi alimbeba mama kutoka kitandani hadi kwenye kiti kwa mkono mmoja tu, kama mtu anavyobeba koti. Aliogopa kumpeleka mle akiwa hai na kurudi na nguo zake kwenye mfuko. Kaka mkubwa akamshukuru mbele ya watu, kinyozi akampa embe, na kipindi cha pili kikaanza.

Lakini embe lile halikumpita kooni. Aliliweka jikoni akalitazama. Ilimkera kwamba yeye na wale watu wa kwenye zulia wamefika mahali pamoja kwa njia tofauti, na kwamba njia yake haikuwa na mama ndani yake kama vile ya kwao. Aliogopa kwa ajili ya nafsi yake. Tangu kovu lifunguke alikuwa amemuuliza daktari, amewauliza wauguzi, amemuuliza hata mteja mmoja aliyekuja kununua kandambili ambaye aliwahi kuwa mkunga. Mtu mmoja hakuwa amemuuliza, na alijua kwa nini. Alijua jibu lingekuwa lipi.

Jumatatu ni siku yake ya mapumziko. Asubuhi, akiwa anamwogesha mama, huku mguu umetolewa nje ya beseni na kimya kwa kuwa hakukuwa na mechi, akamuuliza.

"Mama, wewe unatakaje?"

"Kuhusu nini?"

"Mguu."

Maji yalikuwa yakimtiririka mama mgongoni.

"Nilidhani mmeshaamua," akasema.

"Nakuuliza wewe."

"Basi kidonda kikatwe. Unanuka, mwanangu. Nyinyi mnausikia tu, mimi ndiye ninayelala nao."

Kitindamimba akamimina maji mengine, taratibu, apate pa kutazama. "Na ukifia mle ndani?"

"Nitakuwa nimefia mle nimelala chali kama watu. Hivi sasa nakufa nimenyanyua mguu."

Akamkausha, akampaka mafuta, akamvika nguo. Hakulia mpaka alipokwenda kuanika taulo.

Alipompelekea kaka mkubwa neno hilo, kaka mkubwa alisema mama alikuwa na homa. Alipompelekea daktari, na mama mwenyewe akiwa amekaa pale pale kwenye kiti chake, daktari alimgeukia kaka mkubwa akamuuliza bibi anasemaje. Mama akasema anataka kidonda kikatwe, na wakiweza waanze leo. Daktari akacheka kwa upendo, akasema bibi ana ucheshi, na kwamba mzee mcheshi ni dalili nzuri. Akapekua kalenda ya ukutani. Akasema kwa kupima faida na hasara zote, yeye kama mtaalamu angependelea baada ya fainali ya kombe.

Kitindamimba hakubishana. Kubishana hakukuwa kipaji chake. Kipaji chake kilikuwa kujua saizi ya mguu kwa kuutazama. Ijumaa alitoka dukani na buti la mvua la mwanamume, jeusi, la mpira mzito, pana kiasi kwamba halikugusa kidonda hata lilipotikiswa. Jumamosi, watu walipokwisha kukaa kwenye zulia, alimvisha mama buti lile. Mtangazaji akaanza kusikika kama mtu anayezungumza ndani ya pipa, kisha kama mtu anayezungumza ndani ya pipa lililozikwa. Kitindamimba akakaa kwenye mkono wa kiti, akaweka kiganja juu ya buti.

Akasema halitoki mpaka daktari atoe siku.

Hakuna aliyepaza sauti. Mpiga kinanda alijaribu kumbembeleza kwa maneno ya kiungwana. Kaka mkubwa alimkumbusha kwamba yeye ndiye mkubwa. Fundi redio akaweka sikio kwenye soli na kuripoti kwamba kuna penalti ila hajui ni ya nani. Hapo daktari mwenyewe, ambaye tangu wiki iliyopita alikuwa akija na kukaa karibu na kabati, akasimama, akafuta miwani, akasema Alhamisi. Kitindamimba akamwambia amwambie mama, si yeye. Daktari akainama.

"Alhamisi, bibi," akasema, kwa sauti ya kumwambia mtu aliye mbali.

"Nimesikia," mama akasema. "Nivueni hili buti, lina joto."

Penalti ilikuwa ya Reli, na ilikuwa imekwisha kupaa juu ya lango.

Alhamisi walimchoma ganzi ya mgongoni, ili asilazwe usingizi mzito ambao moyo wake usingeuweza. Kwa hiyo mama alikuwa macho muda wote, na ni yeye aliyesimulia baadaye. Kulikuwa na mechi ya kiporo, iliyokuwa imeahirishwa, siku ile, na chumba cha upasuaji kilikuwa na watu wengi kuliko alivyotarajia, wote wamevaa barakoa. Walikata kipindi cha kwanza, wakachukua ngozi ya paja wakati wa mapumziko, wakashona kipindi cha pili. Wauguzi walifanya kazi vizuri sana, hakuna aliyezungumza. Mara moja moyo wake ulirukaruka na mashine ikalia, na daktari akasema kwa ukali mtu azime mpira. Muuguzi akafunika kile kipande kilichokatwa, moyo ukatulia, akakifunua tena. Halafu wakakitia kwenye chupa ya dawa, wakaipeleka maabara. Mama alisikia sauti ya mtangazaji ikitoka nayo mlangoni na kufifia kwenye korido, na viatu vingi vikiifuata.

Yale waliyoyaogopa yalikuja, lakini yalikuja madogo madogo. Akili zilimhama kwa muda. Alimwona kaka mkubwa akadhani ni bosi wake wa udobi, akamtaka arudishe foronya. Kaka mkubwa aliitikia kwa unyenyekevu, akaahidi kuzirudisha. Kikohozi kilikuja kikaondoka. Kona moja ya ngozi iliyopandikizwa ilikufa ikawa nyeusi, ikabidi ioshwe na kungojewa. Sehemu iliyobaki ilishika. Mama akarudi nyumbani, mwepesi kuliko alivyoondoka, na siku ya kwanza alilala ubavu aliokuwa hajaulalia tangu mwaka jana. Muundi wake ulikuwa kimya. Kitindamimba alipiga magoti, akausikiliza kwa muda mrefu, akasikia damu tu ikipita.

Sebule ilibaki kwao wawili. Wifi alikuja kufua zulia, akaimba akilifua.

Lilibaki jambo moja. Daktari alikuwa amesema maabara watakichanja kile kipande vipande vyembamba na kutazama kingo zake. Kingo zikiwa safi, kimekwisha. Zisipokuwa safi, kimebaki ndani, na itabidi wakae tena wapime: kisu cha pili, au mionzi, au kuacha. Majibu yangetoka baada ya wiki mbili. Wiki zilipita, na nyingine zikapita juu yake. Kila Kitindamimba alipopiga simu, aliambiwa yanashughulikiwa.

Jumamosi moja akafunga duka akaenda mwenyewe. Maabara ilikuwa mwisho wa korido, na mlango wake ulikuwa wazi kwa sababu ya joto la watu. Chupa ilikuwa dirishani, imeinuliwa juu ya vitabu vinene vya kitabibu, na kutoka kwenye kifuniko chake ulikwenda waya wa shaba hadi kwenye kitasa. Fundi redio alikuwa amesimama kando yake akiuweka sawa. Daktari alikuwepo, na wauguzi, na kinyozi. Kaka mkubwa alikuwa amekaa mbele kabisa, na alipomwona dada yake alisogea kumpa nafasi.

Kitindamimba akamuuliza mtu wa maabara kuhusu kingo. Mtu wa maabara, mwanamume mpole mwenye koti lililotiwa madoa ya zambarau, akamweleza kwa kunong'ona kwamba anamwelewa kabisa, yeye mwenyewe ana mama. Lakini ili aone kingo lazima akichanje, na kikichanjwa hakitasikika tena. Ligi inakaribia kuisha. Kisha kuna kombe.

Kitindamimba akavua mtandio wake, akaufunika juu ya chupa. Daktari akaunyanyua kwa adabu, akaukunja vizuri, akamrudishia. Akafunika tena. Safari hii aliyeunyanyua ni muuguzi, akamwomba radhi, akamwambia dakika ni za mwisho. Wote walimtazama kwa huruma ya kweli, ile ile waliyokuwa nayo kwenye zulia, na mtu mmoja akamletea kiti. Akakaa. Alikaa pale na mtandio mapajani, akiwatazama wakisikiliza kile kipande cha mama yake, mpaka kipenga cha mwisho kilipolia ndani ya chupa na watu wakaanza kutafuta kofia zao. Mtu wa maabara alikuwa ameshavua koti.

Alipofika nyumbani mama alikuwa macho, amelalia ubavu.

"Wamesemaje?" akauliza.

"Suluhu, mama," Kitindamimba akasema. "Bila kwa bila."

Mama akafikiri.

"Na mimi?"

"Wewe bado."

Mama akavuta shuka hadi begani, akamwomba amfungulie dirisha.